Jiko Lililokuja na Kuku Tumboni

Nyie watoto mnaopiga picha jiko kabla hamjalifungua mlango, leo nina ugomvi na nyie.

Juzi mjukuu wangu Anita, anayesomea upishi, kanitumia picha sita za majiko kwenye simu. Moja jekundu, moja la kung'aa, moja lina saa usoni. "Bibi, nichague lipi?" Nikampigia papo hapo. Mlango wa oveni unafunga vizuri? Hajui. Umeinama ukatazama chini yake? Hajainama. Likiharibika, fundi wake yuko wapi hapo mtaani kwako? "Lakini Bibi, ni zuri." Zuri! Utachemsha maharage kwa uzuri? Nikakata simu, maana presha yangu siyo ya kuchezea.

Basi naandika, asome yeye na wenzake wasome. Mimi ni Domitila. Nimepika zaidi ya miaka thelathini katika hospitali ndogo ya masista hapa Mpanda, na baadhi yenu mama zenu walijifungua wakinywa uji wangu. Jiko nililopikia miaka yote hiyo nililitafuta mwenyewe, kwa miguu hii hii inayovimba sasa, nikiwa mgeni katika nchi ya watu. Ilikuwa miaka ya sabini. Nilikuwa na siku thelathini za kulipata, na nisingelipata, leo msingekuwa mnanisikiliza nikiwagombeza.

Nilitoka Burundi kwa miguu, na kitenge kimoja. Habari ya kwa nini tulikimbia siielezi leo, leo ni habari ya jiko. Tukapelekwa makazi ya Katumba, wakati ule msitu mtupu, tukapewa jembe, shoka na mbegu. Kulima siyo aibu, nimeshiba jasho la wakulima maisha yangu yote. Lakini mimi tangu nina miaka kumi na minne nilikuwa jikoni kwa masista wa kwetu, chini ya mpishi mmoja mzee, Mama Rozaria. Yule mama alikuwa ananichapa vidole kwa mwiko kila nikifungua furu kabla ya wakati. Furu, kwa Kirundi chetu, ndiyo oveni. Lishikeni neno hilo, maana litatuletea balaa.

Kutoka Katumba kwenda mjini ilibidi uwe na kibali. Karani wa ofisi ya mjini alikuja na meza yake na muhuri wake, tukapanga foleni. Ikafika zamu yangu. Akaandika jina. Akaandika nilikotoka. Akafika kwenye mstari wa Kazi, na bila hata kuinua kichwa akaandika: mkimbizi.

Nilikuwa najua kusoma, hata karatasi ikiwa kichwa chini. "Ndugu," nikamwambia, "mkimbizi siyo kazi."

Ndipo akaninyanyulia macho. "Sasa wewe kazi yako nini?"

"Mpishi."

"Unapika wapi?"

Ningesema nini? Nilikuwa napikia mawe matatu, sufuria ya kuazima.

"Siku thelathini," akasema, na muhuri ukalia pa! "Ukipata kazi mjini, niletee barua ya mwajiri kabla hazijaisha. Nitakuongezea muda na nitaandika hiyo kazi yako. Usipopata, rudi ukalime na wenzako."

Lile neno liliniuma, jamani. Nyumba niliacha, ndugu niliacha, sikulia mbele ya mtu. Lakini mtu aandike kwamba kukimbia ndiyo kazi yangu! Kama vile naamka asubuhi, nanawa uso, nakwenda kukimbia, jioni narudi. Nilitembea hadi mjini nimeikunja ile karatasi kifuani, na njia nzima nikajiapiza: neno hili litatoka humu, na atakayelitoa ni mimi.

Hospitali ya masista nilielekezwa na watu wa stesheni. Mkubwa wao alikuwa Sista Klotilda, Mfipa mrefu aliyelelewa Karema kule ziwani, mwanamke wa maneno machache. Akanipeleka nyuma. Jiko lao la chuma lilikuwa limetoboka chini, makaa yanadondoka sakafuni, kwa hiyo wagonjwa walikuwa wanapikiwa kwenye mafiga nje, chini ya kibanda kinachoona anga.

"Mvua ikianza, tunaacha kupika," akasema. "Kila mgonjwa ataletewa chakula na ndugu zake."

"Na asiye na ndugu?"

Akaniambia tu kwamba anataka jiko la kusimama, lenye sahani za moto juu na oveni ndani, la kupikia uji na kuoka mkate. Vitu vya kubadilishana anavyo. "Nitafutie hilo jiko, kazi ni yako. Lakini barua ya mpishi siandiki mpaka nimeona moto wake na nimekula mkate wake."

Nikasema sawa. Nikaona siku thelathini ni nyingi. Kumbe!

Nilianzia mtaa wa Makanyagio, nyumba kwa nyumba. Nabisha hodi, nasalimia, nasema, "Samahani, natafuta jiko." Wanawake wanatazamana, wanaziba midomo kwa khanga. Kulikuwa na fundi baiskeli mmoja pale njiani, mdomo haulali. Aliposikia akaangusha spana.

"Mwanamke anatafuta jiko? Dada, jiko si ni wewe! Sisi wanaume ndiyo tunaotafuta!"

Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mimi nimesimama tu nimekodoa macho. Ndipo mama mmoja akanivuta pembeni akanieleza kwamba huku mwanaume akioa, wanasema amepata jiko. Mana yanje, Mungu wangu! Nusu ya siku nimezunguka mtaa mzima natangaza natafuta mke.

Nikajirekebisha. Nikawa nasema natafuta jiko la kusimama. Yule fundi akauliza, "Majiko yetu yote yamekaa, lako linasimama. Litatembea pia?" Nikamwambia ndiyo, litakuja likukanyage. Tangu hapo kila nikipita ananiita Bi Jiko.

Wiki ya kwanza ikaisha hivyo. Sista Klotilda akaniambia huenda kule misheni ya Karema lipo jiko la zamani lisilotumika. Nani anakwenda Karema? Nikaelekezwa kwa Masanja, kijana wa Kisukuma aliyekuwa akileta samaki kwa baiskeli. Nikamkuta anajaza upepo gurudumu. Sasa sikilizeni mazungumzo yetu, na anayefundisha upishi awasomee wanafunzi wake.

"Kaka," nikasema, "huko Karema kaniulizie furu." Maana nilishachoka kuchekwa kwa neno jiko, nikaona nitumie neno la kitaalamu.

"Furu?" Akafurahi sana. "Dada unazijua furu?"

"Nimekulia hapo hapo."

"Kubwa au ndogo?"

"Kubwa. Ya kutosha watu arobaini."

"Ya moshi, au ya kukausha juani?"

Nikashangaa, furu gani tena ya juani? Nikajisemea huenda Wazungu wameleta mpya. Mimi nataka ya kuni. "Ya moshi," nikamwambia, "ya moshi kabisa."

Akaondoka anapiga mluzi. Nikamngoja siku tisa. Siku tisa! Nilifagia kibanda, nilipima mahali pa kuliweka, nilikoroga udongo wa kuzibia bomba la moshi. Siku ya tisa Masanja akaingia na baiskeli, nyuma tenga limefunikwa magunia. Nikatazama nyuma yake kama kuna gari. Hakuna.

"Dada, furu zenyewe kule hazipo," akasema, "zile ni za kwetu, Ziwa la Mwanza. Ila nimekuletea wadogo wanaofanana nazo. Wa moshi. Watu arobaini watashiba."

Akafunua. Samaki. Tenga zima la samaki wadogo wa kukaushwa kwa moshi, wananitazama. Kumbe kwao Masanja furu ni samaki.

Nilikaa chini pale pale kwenye vumbi. Nilicheka, kisha nikasikia kicheko kimegeuka, nalia. Masanja wa watu kasimama hajui kosa lake, ananiuliza kama wananuka. Hawakunuka. Niliwapika jioni ile kwa nyanya na chumvi, wagonjwa wakaomba siku nyingine. Lakini siku kumi na sita zilikuwa zimekwenda na nilichokuwa nacho ni miiba.

Anita, shika hili. Kitu unachokitaka kazini usikitaje kwa neno ulilozaliwa nalo ukadhani dunia nzima imezaliwa nalo. Tangu siku ile niliacha kusema, nikachora. Nilichukua mfuko mtupu wa unga, nikachora jiko kwa mkaa: miguu minne, sahani za moto juu, mlango wa kuni, mlango wa oveni, bomba. Nikawa napita nao nimeushika mbele. Hata mtoto alielewa.

Mchoro ulifanya kazi haraka. Siku ya ishirini na tatu bwana mmoja akaniita. Tumwite Bwana Stoo, kwa kuwa alikuwa na stoo, na jina lake halina faida kwenu. Akafungua mlango, na ndani, Mungu wangu, kulikuwa na jiko jeupe pe, la gesi, lenye sehemu nne za moto, oveni yenye kioo. Mzungu aliyerudi kwao alimwachia. Nakiri, moyo ulinidunda.

"Lako," akasema, ananisogelea. "Mimi jiko ninalo, na wewe uwe jiko langu, mambo yaishe."

"Bwana," nikamwambia, "nimekuja kuchukua jiko. Sijaja kuwa jiko."

Akacheka kama mtu asiyeumia, akasema basi Sista alete magunia ya mpunga, alichukue. Sista Klotilda akaja mwenyewe kulitazama. Akaupitisha mkono kwenye ule weupe, na kwa mara ya kwanza nikamwona anatabasamu. Mimi nikapiga magoti nikatazama nyuma. Mtungi ulikuwa mmoja. Nikautikisa, ulikuwa karibu mtupu.

"Mtungi huu unajazwa wapi?"

"Unapanda treni," akasema Bwana Stoo, "mpaka Tabora, labda Dar es Salaam. Kisha unarudi."

"Unarudi lini?"

Akainua mabega. Na treni yetu mnaijua nyie? Ilikuwa ikija siku inayotaka yenyewe.

Nikasimama. "Sista, hili tusilichukue."

"Domitila. Umebakiwa na siku saba."

"Najua."

"Jiko liko mbele yako unalikataa, halafu unasema wewe ni mpishi?"

"Nalikataa kwa sababu ni mpishi, Sista. Mtungi ukiisha, wagonjwa watakula weupe wake?"

Alikasirika. Alitoka bila kuniaga, na siku ile sikusemeshwa. Usiniulize kama niliogopa. Niliiona Katumba, nililiona jembe, nililiona lile neno kwenye karatasi. Lakini ningesema ndiyo, ningepata barua ya mwezi mmoja na aibu ya miaka. Ukichagua jiko, tazama kwanza linakula nini, kisha utazame kama hicho chakula chake kinaota karibu nawe. Sisi tulizungukwa na miombo, kuni kila upande. Jiko letu lilipaswa kula kuni.

Miaka mingi baadaye nilikuwa na msaidizi mmoja, msichana mzuri tu, akanishinda kwa maneno tukaletewa jiko la umeme. Umeme wenyewe ulikuwa wa jenereta, saa chache za jioni. Tulikuwa tunapika chakula cha mchana saa mbili za usiku. Nilimwacha apike wiki mbili, mwenyewe akalifunika kwa kitambaa akaweka redio juu.

Turudi. Aliyeniokoa ni yule yule Masanja wa samaki. Jioni ya siku ile ile alikuja kuniomba radhi kwa mara ya tano, akauona mfuko wangu wa unga ukutani. Akapiga kelele.

"Kumbe furu yako ndiyo hii! Dada, si useme! Hiki kipo kwa Mzee Lusambo, kwenye zile nyumba za mgodi wa zamani. Kuku analalia humo."

Kesho yake mapema tukaenda. Mzee Lusambo alikuwa Mkonongo, mrina asali, akiishi katika nyumba ya mgodi iliyoachwa siku nyingi. Jiko lilikuwa kibarazani, jeusi, zito, limejaa vumbi na nta. Nikamsalimia mzee shikamoo, nikaomba nilikague.

Nilikuwa nimekwenda na vitu vitatu: kijiko, karatasi na gogo. Kijiko ni cha kugonga. Gonga kila sahani ya juu, usikilize. Chuma kizima kinalia kama kengele, chenye ufa kinalia kikavu, ka! Nikagonga zote, zikaimba. Gogo lilikuwa kipande cha muombo cha urefu wanaokatia watu wa huku. Majiko mengine yametengenezewa makaa ya mawe huko Ulaya, tumbo la moto dogo kama kibweta, utakesha unapasua kuni. La mzee lilimeza gogo langu na nafasi ikabaki. Nikachungulia bomba, nikaona mwanga juu. Ikabaki karatasi. Hiyo unaibana kwenye mlango wa oveni, unafunga, unavuta. Ikitoka kirahisi, moto nao utatoka kirahisi. Lakini kabla ya kufunga lazima uingize mkono, upapase kama kuna kutu.

Nikafungua, nikaingiza mkono.

Yoo! Nilidonolewa mpaka damu. Ndani, gizani, kuku mwekundu kavimba kama mto, jicho moja linaniambia toka.

"Anaatamia," akasema Mzee Lusambo bila haraka. "Mayai kumi na moja."

Nikafunga kidole kwa pindo la kitenge. Nikabana karatasi, nikavuta, haikutoka. Mlango mzuri kabisa. "Mzee, jiko hili nalitaka. Hospitali itakupa nini?"

Akataka mapipa mawili yenye mifuniko, ya kuwekea asali. Nikajua Sista anayo. "Lakini," akasema, "kuku wangu hatolewi kwenye mayai. Akishusha vifaranga, njoo."

"Bado siku ngapi?"

Akaenda ukutani kulikokuwa na mistari ya mkaa, akahesabu kwa kidole. "Tano."

Nami nilikuwa na sita. Kulileta jiko, kulisimika, kulisafisha, kuwasha, kuoka, barua, ofisi, vyote kwa siku moja? Nikakaa kwenye ngazi yake nikafikiri. Kisha nikainuka.

"Mzee, naomba nichukue jiko na kuku wake humo humo."

Mzee akacheka, na meno yalikuwa mawili. "Mwanangu, wewe ni mkorofi. Sawa. Lakini uniahidi. Atakayemtoa kuku na vifaranga ni mimi, kwa mkono wangu. Nitakuja. Mwingine asimguse."

Nikaahidi.

Masanja akaazima mkokoteni wa ng'ombe wa mjomba wake. Tukaweka nyasi chini, wanaume sita wakalibeba jiko kama mgonjwa. Juu ya sahani nikaweka bakuli la maji, na nikamwambia Masanja, maji yakimwagika nitakumwaga wewe. Nikatembea pembeni njia nzima, mlango wa oveni nimeuacha wazi kidole kimoja kuku apate hewa. Tulipofika Makanyagio watu walishajipanga, na fundi baiskeli kasimama katikati ya njia.

"Jamani! Bi Jiko kapata jiko!" Akachungulia ule mlango, akaruka nyuma. "Na tayari lina mimba!"

Vigelegele vilipigwa kama harusi. Hata mimi nilicheka siku ile.

Sista Klotilda hakucheka. Aliinama, akatazama ndani, kuku akamtazama. "Domitila, mimi nilitaka jiko."

"Ndilo hili, Sista."

"Ndani mna kuku."

"Ni wa muda tu."

Siku nne zile nilisugua kila mahali ambapo kuku hakuwepo, kwa jivu na ndimu, mpaka chuma kikatoa rangi yake. Nikalisimika na bomba lake, nikaziba kwa udongo. Siku ya tano ikafika. Kimya. Ikapita. Kumbe mzee kwenye mistari yake alikuwa amehesabu siku moja mara mbili. Nikaamka siku ya mwisho ya kibali changu, alfajiri, nikaweka sikio kwenye mlango wa oveni.

Piyo.

Nilipiga ishara ya msalaba. Nikakanda unga hapo hapo, ngumi kwa ngumi, nikauweka uumuke, maana nilijua nikingoja kuku amalize ndiyo nikande, nimekwisha. Saa tatu asubuhi vifaranga tisa walikuwa wanachungulia chini ya mama yao. Mzee Lusambo hajaja. Nilikuwa nimemtuma Masanja kumfuata, na Masanja naye kimya. Saa nne. Unga ukaumuka. Saa tano. Ofisi ya karani ilikuwa ikifungwa saa tisa na nusu.

Sista akaja akasimama nyuma yangu. "Mtoe huyo kuku, Domitila. Mzee hatajua."

"Nimeahidi, Sista."

"Na kibali chako?"

Mkono wangu ulikuwa kwenye kipini cha mlango. Nawaambia ukweli nyie wajukuu, ulikuwa pale. Ningemtoa kwa dakika moja. Lakini nilikuwa nimefika nchi ya watu mikono mitupu, hakuna anayenijua, hakuna anayemjua baba yangu. Ahadi yangu ndiyo kitu pekee ambacho mtu wa hapa alikuwa amekipokea kutoka kwangu akakiamini. Nikauondoa mkono, nikaupiga unga ngumi, nikaukanda upya ili usichache.

Saa sita akaingia, amekaa nyuma ya baiskeli ya Masanja, mguu mmoja umefungwa kitambaa. Mwiba ulimchoma njiani. Akaingiza mikono yake miwili taratibu, akazungumza na yule kuku kwa Kikonongo, akamtoa na vifaranga wake akawaweka kwenye tenga. Akanitazama. "Hukumgusa," akasema. Basi.

Nikaingia kazini, na sijawahi kufanya kazi vile tena. Nikazoa nyasi, nikasugua, nikasuuza, nikafuta. Nikawasha. Moshi ukakohoa mara moja, ukapanda bombani kama ulioitwa. Kipimajoto sikuwa nacho, na hata leo sikihitaji: nyunyiza unga kidogo kwenye bati, uweke ndani, uhesabu pole pole mpaka mia. Ukiwa mweupe bado, ongeza kuni. Ukiwa mweusi, umechelewa. Ukiwa na rangi ya chai ya maziwa, ingiza mkate. Nilijaribu mara tatu. Saa nane nikaingiza. Nikakaa mbele ya ule mlango nimeikalia mikono yangu, maana nilimsikia Mama Rozaria na mwiko wake.

Nilipofungua, harufu ilifika wodini. Sista Klotilda akamega, ungali moto, akatafuna kwa muda mrefu. Akaenda ofisini kwake. Akarudi na barua, na ilikuwa fupi kama yeye: Huyu ni mpishi wetu.

Nikakimbia. Ndiyo, nilikimbia, cheka tu. Barua kifuani, mkate mkononi kwenye kitambaa. Nikamkuta karani anapachika kufuli.

"Ndugu, barua!"

Akatazama saa yake. Akatazama jasho langu. Akafungua tena, akakaa, akasoma. "Na hicho?"

"Ushahidi. Kula."

Akamega akatia mdomoni. Akatafuna, akaacha kutafuna, akavuta kitu kwenye ulimi. Unyoya. Mdogo, mwekundu. Akauinua mbele ya dirisha. "Mpishi, hii nini?"

Nilitaka ardhi ipasuke. Lakini alikuwa ameshalisema neno lenyewe. Nikamwambia, "Ndugu, umeniitaje?"

Akacheka mpaka akafuta macho. Akachukua kibali changu, akaongeza muda, akagonga muhuri. Juu ya mstari wa Kazi akaandika kwa herufi kubwa: MPISHI. Kisha akachukua wembe wa kukwangulia wino.

"Hili la kwanza nilikwangue kabisa?"

"Hapana. Lipige mstari mmoja tu, lisomeke."

"Kwa nini? Si ndilo ulilolikataa?"

"Nilikimbia kweli, ndugu," nikamwambia. "Ila haikuwa kazi yangu."

Akauweka wembe chini. Akafungua droo, akatoa rula, akapiga mstari mmoja ulionyooka.